Jengo la Ngazi Moja

Jumatatu, 3 Machi

Damu kwenye ngazi. Kati ya orofa ya pili na ya tatu, matone saba. Saa moja kasoro asubuhi, natoka kununua mkate. Nikadhani mtoto wa mtu katoka damu puani. Kabla sijageuka kutafuta ndoo, Mwenyekiti keshafika na ya kwake, suruali kaikunja hadi magotini, anasugua. Kanisalimia kama kawaida yake — mimi, kazi yangu, mama yangu, mgongo wa mama yangu. Huyu bwana hajawahi kunipita bila kuuliza mgongo wa Mama.

Ndiye mwenye duka la dawa pale chini, mkabala na ngazi. Wiki ya pili tu baada ya watu kuhamia wakamchagua kuongoza kamati ya wakazi. Anaishi orofa yetu ya tatu, mlango unaotazamana na wangu, yeye na mkewe mshonaji. Nimempiga picha akisugua. Itaingia kwenye ripoti: wakazi wanatunza sehemu za pamoja bila kusukumwa. Bosi ataipenda.

Miezi mitatu sasa naishi ndani ya jengo nililolichora mwenyewe. Bosi alinichokoza kwamba wasanifu ni kama wapishi wanaokula hotelini. Nikamwambia nipe funguo! Orofa sita, nyumba thelathini na sita, ngazi moja. Moja tu. Mhandisi wetu alitaka ya pili, upande wa nyuma. Tuligombana mpaka akanirushia rula. Nikamwambia ukiwapa watu njia ya kukwepana, watakwepana. Wape ngazi moja pana, wakutane watake wasitake, wajuliane hali. Pale palipopaswa kuwa na ngazi ya nyuma nikaweka chumba cha kufulia, kila orofa. Nilishinda.

Na madirisha ya majiko yote yanatazama kibaraza cha pamoja. Ukikaanga kitunguu, jirani ajue. Kwenye andiko la mashindano ya usanifu niliandika: "Utotoni kwetu hapakuwa na majirani. Palikuwa na nyumba moja yenye milango mingi." Majaji waliisoma kwa sauti ukumbini. Mama, aliyekuwa kakaa safu ya nyuma, alicheka kidogo, akaangalia viatu vyake.

Alhamisi, 6 Machi

Dirisha la jiko la mshonaji limefungwa siku nne. Pazia juu yake. Linaniudhi! Kibaraza kizima kiko wazi, moja tu limefumba kama chongo.

Nimekwenda kugonga. Kafungua mlango kiasi cha nusu uso. Kitambaa cha kichwani kateremsha mpaka kwenye nyusi. Kwa nini hafungui dirisha? Vumbi, anasema, linachafua nguo za wateja. Basi nikamhutubia. Dakika kumi nzima, nimesimama mlangoni kwake mikono kiunoni: habari za hewa, habari za upweke, habari za watu wanaoonana na majirani kila siku jinsi wanavyolala usingizi mzuri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mama wa watu ana adabu. Akasema atafungua.

Mama aliniita chakula kinapoa. Nilipokaa akasema mtu akijifungia dirisha kwenye joto kama hili, usimuulize habari za dirisha. Nikamwambia aache mafumbo, anipitishie chumvi.

Jioni dirisha lilikuwa wazi. Nikaweka tiki kwenye daftari.

Jumapili, 9 Machi

Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Saa nane mchana. Watu wameshakula, wengine wako vibarazani. Kwanza kiti kilianguka. Halafu kishindo ukutani, kizito, halafu kingine. Mtu akipigwa kweli hatoi mlio kama wa kwenye sinema. Ni mlio wa unga unaokandwa. Na sauti ya mshonaji, ndogo, inasema basi, basi, basi, kama mtu anayemwambia mwenzake asimjazie sana sahani.

Nikatoka. Dirisha lilikuwa wazi — kwa ombi langu! — nikaona yote. Mwenyekiti kamshika nywele kwa nyuma. Uso wake anaugonga kwenye ukingo wa meza ya cherehani. Polepole. Hana hasira. Anamwelekeza, kwa sauti ileile ya kumwelekeza mgonjwa vidonge viwili kutwa mara tatu. Nani alimleta msanifu mlangoni? Anagonga. Nani alimwonyesha sisi tunafunga madirisha? Anagonga. Umefungua dirisha, umefurahi? Anagonga. Damu ilikuwa kwenye kitambaa cheupe cha mteja, naona ni gauni la harusi, sindano bado iko juu yake.

Halafu redio. Kwanza ya chini yetu, mpira. Halafu ya juu, muziki. Halafu ya pembeni. Nyumba moja baada ya nyingine, zote zikapandishwa sauti, jengo zima likawa linanguruma. Fundi saa, jirani yetu wa mlango wa tatu, alikuwa anamwagilia ua lake kwenye kopo. Akaendelea kumwagilia. Maji yakajaa, yakamwagika, yakatiririka mpaka miguuni kwake, na yeye anamwagilia tu.

Na mimi je? Nilisimama. Ndivyo ilivyokuwa.

Ni Mama aliyefanya kitu. Katoka na sufuria ya maharage, ya moto, akairusha yote kupitia lile dirisha. Kishindo! Mwenyekiti akaachia. Akageuka, mchuzi unamchuruzika shavuni, akatuona wawili. Akafuta uso kwa mkono.

"Shikamoo, mama. Mgongo unaendeleaje leo?"

Mama hakuitikia. Miaka yangu yote sijawahi kumwona mama yangu akiachia shikamoo ya mtu ianguke chini. Mwenyekiti akafunga dirisha. Redio zikaanza kushuka, moja moja.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeita polisi. Wamekuja wawili, mwanamke na mwanamume. Mwenyekiti akapanda nao na koti lake jeupe, akawafungulia mlango mwenyewe, akawawekea viti. Mshonaji uso mzima umevimba, jicho moja halionekani. Kaulizwa. Akasema amejikwaa akaangukia cherehani. Kaulizwa tena na yule polisi wa kike, kwa upole, wakiwa wawili tu jikoni. Akasema amejikwaa.

Wakaondoka. Yule wa kiume alikuwa anakohoa, akaandikiwa dawa ya kifua.

Nilimkasirikia mshonaji. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilitamani kumtikisa. Nimejitoa mhanga kwa ajili yake, halafu ananifanya mwongo mbele ya watu!

Nikaenda kummalizia hasira fundi saa. Nikamuuliza redio ile alipandisha ya nini. Alikuwa ameinamia saa ya mtu, lenzi jichoni, hakuinuka.

"Dada, wewe umetujengea ngazi moja. Mimi huyu nitakutana naye kesho, na keshokutwa, na mwakani. Dawa ya sukari ya mke wangu iko kwake. Nikimshitaki leo, kesho nampisha wapi?"

Nikageuka nikaondoka. Mimi! Niliyejibu maswali ya majaji sita bila kumeza mate.

Nimeifungua ile picha ya ndoo. Matone saba. Nimeangalia tarehe yake, nimehesabu siku dirisha lilipofungwa. Haiingii kwenye ripoti.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwa mkono wa kulia, bahati nzuri ndio wangu. Wa kushoto uko kwenye plasta.

Saa tatu asubuhi mshonaji kagonga. Mfuko mmoja mkononi.

"Nisindikize stendi, dada. Nina ndugu yangu mbali."

Akaongeza kwamba juzi asingeweza kusema. Polisi wangeondoka na gari lao, yeye angebaki kwenye ngazi ileile na mtu yuleyule. Hasira zangu zote zikaniyeyukia mwilini, nikabaki na aibu.

Tukasubiri saa nne, duka linapojaa. Tukashuka. Mimi mbele. Orofa ya pili watu wawili wakatusalimia, wakaona mfuko, wakatazama pembeni. Chini kule ukuta wa duka ni kioo kitupu, kuanzia sakafuni hadi juu, na kinatazama ngazi. Ni mimi niliyedai kioo. Nilitaka kila anayeshuka amkute mtu wa kumwambia siku njema.

Mwenyekiti alimwomba mteja radhi. Akatoka. Hatua zake si za haraka wala za polepole.

"Mke wangu anaumwa, msanifu. Usimtembeze juani."

Akauchukua mfuko. Mshonaji akanishika kiuno kwa nyuma, na mimi nikashika nguzo ya lango kwa mkono wa kushoto, nikasema hatoki mtu mikononi mwangu. Maneno makubwa. Akalivuta lango. Lile lango ni chuma, ni zito, mimi ndiye niliyechagua zito. Likafunga juu ya vidole vyangu.

Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Kama kuvunja vijiti vya kuwashia moto. Halafu maumivu yakaja yote kwa pamoja na nikalia kama mbuzi. Mshonaji akaniachia, akakimbia — juu! Si kwingine, juu tu ndiko kulikokuwa na njia. Nilisikia kandambili zake zikipanda, halafu sauti ya Mama, halafu komeo la mlango wetu.

Mwenyekiti akafungua lango. Samahani nyingi! Jamani, bahati mbaya! Akaninyanyua, akanikalisha kwenye kiti cha wateja, akapiga magoti mbele yangu. Akaleta pamba, bandeji, vijiti viwili. Alinifunga vizuri mno. Daktari wa hospitali baadaye aliuliza ni nani aliyefanya kazi safi hivi. Foleni nzima ya wateja ilikuwa inatazama, na mama mmoja akasema tuna bahati kuwa na mtu wa dawa humu ndani.

Alipofika kwenye fundo la mwisho akainamisha kichwa karibu na sikio langu. Kidole gumba chake kikabonyeza pale palipovunjika.

"Umebakiwa na vinane."

Viwili vimevunjika, cha kati na cha pete. Wiki sita. Hospitali nimesema ni lango. Sikusema uongo.

Alhamisi, 13 Machi

Mshonaji amelala kwetu, kwenye kitanda changu. Leo ndiyo mara ya kwanza kavua kitambaa. Upande mmoja wa kichwa hauna nywele, ngozi inang'aa. Sikio limechanika chini na kushonwa — kajishona mwenyewe, kwa uzi wa kazi yake, mbele ya kioo. Mbavu akigeuka zinamfanya afumbe macho. Mama kamkanda kwa maji ya chumvi, bila kuuliza swali hata moja. Mikono yake ilijua inapokwenda. Niliona hilo. Nikamuuliza amejifunza wapi.

Akakamua kitambaa.

Nikasema labda ni kwa yule jirani yetu wa zamani, si tulikuwa kila siku tuko kwake? Tukila kwake, tukilala kwake, watoto wanne mkeka mmoja. Ndiyo ile sentensi yangu ya nyumba moja yenye milango mingi. Nikaisema kwa sauti, kwa majivuno kidogo, nadhani, hata siku kama ya leo.

"Ulidhani napenda sana kutembea," Mama akasema. "Tulikuwa tunakimbia, mwanangu. Baba yako akiingia kwa mbele, mimi nawatoa kwa mlango wa uani."

Akaendelea kukanda.

Nimekaa jikoni saa nzima. Nimekumbuka mambo ambayo nilikuwa nayo siku zote. Mama kwenye kile kibaraza cha jirani na kiatu kimoja. Jirani akitupa uji kabla hatujasema tuna njaa. Mimi nikifurahi! Nikimwambia baba nimelala kwa fulani, na baba akicheka, akinipa peremende. Wanasema nyumba njema si mlango. Yetu wema wake wote ulikuwa mlango, na ule wa nyuma. Na mimi nimekua, nimesoma, nimepewa tuzo, nikajenga nyumba thelathini na sita na kuzinyima hicho kitu kimoja.

Nina hasira na Mama pia. Alikuwepo ukumbini. Alisikia ile sentensi. Nimemuuliza kwa nini hakusema. Akasema nilikuwa nimependeza sana siku ile.

Mchana nimezitandaza ramani kitandani, zangu na za mhandisi, mshonaji kasogeza miguu. Chumba cha kufulia, ukuta wa nyuma. Linta! Mhandisi ameacha linta, ile boriti ya kubeba ukuta juu ya mlango, pale juu, upana wa mlango, kila orofa. Kwenye ramani zangu haipo. Nikampigia. Hatujaongea tangu siku ya rula. Akasema ndiyo, aliiweka kimyakimya, alijua ipo siku nitapiga simu. Sikumtukana, ingawa alistahili kidogo. Ukuta ule haubebi kitu, akasema, ni tofali nyembamba, zigonge kwa nguvu katikati zitaachia. Nje ya hapo hakuna kitu isipokuwa hewa na uchochoro wa taka. Akanipa namba ya fundi chuma anayeweza kuunda ngazi ndefu kwa siku mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Bosi anataka ripoti leo. Majengo mengine manne yanaanza kuchimbwa msingi, ramani ni ileile. Nimemtumia mstari mmoja: wekeni ngazi ya pili, upande wa nyuma, kabla hamjamwaga zege. Kanipigia. Mihuri imeshagongwa, vibali vimeshatoka, na kwani si mimi niliyemshawishi yeye? Nilimwambia neno lililomfanya Mama, kutoka chumbani, aniite kwa jina langu kamili.

Mwenyekiti haji kugonga. Hapigi kelele. Anafungua duka, anafunga duka, anasalimia. Anawaambia watu kwa masikitiko kwamba mkewe ana matatizo ya akili na mimi nimemfungia ndani. Lango la chini sasa linakaa limefungwa mchana kutwa, kwa usalama wetu, na ufunguo anao mwenyekiti wa kamati. Anayetaka kutoka anampitia dukani, anafunguliwa kwa tabasamu.

Saa kumi fundi saa kaleta pakiti ya dawa za maumivu kutoka duka la chini, zawadi kwa vidole vyangu. Hakuniangalia. Mama akazipokea, akashukuru, akazimwaga chooni.

Jumamosi, 15 Machi

Nimevunja.

Nyundo ya kilo nne, mkono mmoja. Saa tatu asubuhi, chumba cha kufulia kimejaa, Jumamosi ndiyo siku ya mashuka. Nikawaambia wanawake wasogeze mabeseni. Wakasogeza bila neno. Si mimi ndiye msanifu? Wakadhani bomba.

Pigo la kwanza likapasua vigae. Nilivichagua mimi vile vigae, kati ya sampuli arobaini, rangi ya maziwa. Pigo la pili, la tatu. Bega likawaka moto. Sikuacha. Sijui nilikuwa nampiga nani — mara Mwenyekiti, mara baba yangu na peremende zake, mara yule mwanamke aliyesimama jukwaani kupokea tuzo. Nilisikia mtu anatukana, matusi mabaya, nikagundua ni mimi. Tofali la nne likatoka zima, likaanguka nje, nikasikia linapasuka chini baada ya muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Jua likaingia. Vumbi likatua juu ya mashuka ya watu na mtu mmoja akapiga ukelele.

Saa saba tundu lilikuwa ukubwa wa mlango. Fundi chuma, niliyemwagiza tangu juzi, akapima kutoka chini. Mita tisa na robo. Ngazi italetwa kesho alfajiri, kwa vipande, ataifunga mwenyewe, saa nne iwe tayari.

Halafu wakaja. Sijawahi kuwaona hivi! Wiki nzima hakuna aliyepaza sauti, leo wanafoka wote kwa pamoja. Nani kanipa ruhusa? Mali ya pamoja hii! Watoto wataanguka! Mama wa mlango wa tano, anayepakana ukuta na Mwenyekiti, ambaye kwa miezi mitatu amesikia kila ubavu wa mshonaji ukivunjika, alilia. Machozi kabisa. Kwa ajili ya ukuta. Nikamwambia hivyohivyo, mbele ya wote. Akanipiga kofi. Nikamrudishia, na vumbi mkononi, ikabaki alama nyeupe shavuni kwake. Tukatenganishwa.

Mwenyekiti akapanda mwisho. Watu wakampisha. Akaingia chumba cha kufulia, akasimama kwenye tundu, akatoa kichwa nje. Akatazama chini. Alikaa pale anatazama kwa muda.

"Ni hatari hii," akawaambia, sauti ya chini, ya kuwatuliza. "Mtu anaweza kuanguka."

Na alipolisema hilo akageuka, akanitazama mimi.

Jumapili, 16 Machi

Saa nne kasorobo.

Wamekuja tena, na safari hii ni wote. Nimechungulia pembeni ya pazia. Orofa zote sita. Watu ambao sijawahi kuwaona nje ya milango yao. Mabenchi hayakutosha wakaleta viti, wengine wamekaa ngazini mpaka chini. Wamepanga viti kuanzia mlango wangu mpaka chumba cha kufulia. Chupa ya chai inapita mkono kwa mkono. Bibi wa orofa ya sita, asiyeshuka, ameshushwa amebebwa. Wanaongea taratibu, wanaulizana hali.

Ukurasa wa kwanza wa andiko langu ulikuwa na mchoro huu. Watu wadogo wa kalamu, wamekaa kibarazani, wameinamiana. Nilichora kwa siku tatu.

Fundi saa ndiye msemaji. Kaongea kupitia mlango, kwa heshima zote. Wamekaa na Mwenyekiti tangu asubuhi. Ameahidi mbele ya watu wazima hatamgusa tena. Mimi nimrudishie mtu mkewe, yaishe, tuishi kama tulivyokuwa tunaishi. Ukuta watanisaidia kuujenga, hawana kinyongo. Akasema jengo lina amani, nisilibomolee watu. Na akakohoa, akasema dada, tafadhali.

Mwenyekiti hayuko mlangoni. Namwona kule mwisho, peke yake, ndani ya chumba cha kufulia. Kaegemea ukingo wa tundu. Koti jeupe.

Saa nne na dakika tano. Fundi chuma kapiga simu. Ngazi imesimama, imefungwa juu na chini, anasubiri. Nikamwambia kuna mtu pale juu. Kasema anamwona. Kasema mtu huyo anaijaribu ngazi kwa mguu, anaitikisa.

Chini, lango limefungwa. Polisi nimewapigia mara mbili. Wameniuliza kama ni ile kesi ya mtu aliyejikwaa.

Kutoka mlango wangu mpaka pale ni hatua kumi na nne.

Wanagonga tena. Kwa adabu, kwa kifundo cha kidole kimoja.

Mshonaji alikuwa anapindia kanga ya Mama. Siku nne hizi amepindia kila nguo ya nyumba hii, kwa mkono. Sasa ameikata nyuzi kwa meno. Ameikunja. Amesimama, anavaa viatu, vya kwangu, vya kufunga kamba. Nimemwambia avue. Hajavua. Nimemwambia yule mtu atakuua pale kwenye tundu, atakusukuma, na watasema umejikwaa.

"Fungua, dada. Miezi mitatu wamesikia. Leo waone."

Halafu akanyoosha mkono kuelekea nyundo. Iko hapa, mapajani kwangu, chini ya daftari. Nimemuuliza ya nini. Mkono wake umebaki umenyooshwa.

Naandika ili mkono wangu mzima uwe na kazi. Nikiacha kuandika itabidi niamue. Mkono unaniuma, ule mwingine, vidole vile viwili vinapiga kama moyo. Ninaogopa. Sijawahi kuogopa hivi. Na kuna kitu kingine kinanifurahisha na sitaki kukiandika jina lake.

Nimempa. Imemzidi uzito, ameishika kwa mikono miwili. Mbavu zimemchoma, amefumba macho, ameyafumbua.

Nje wamenyamaza wote. Nadhani wamesikia viatu.

Mama yuko mlangoni. Mkono uko kwenye komeo. Amenigeukia, anauliza, nifungue? Naacha kuandika.